Gauni la Sherehe la Kitambaa cha Kuvutika, kwa Patroni ya Kitenge

Somo letu safari hii ni la kazi ya mikono. Tumelichagua kwa sababu msimu wa ndoa unakaribia, na mabinti wanaomsindikiza bibi harusi siku hizi hawaombi kitenge peke yake. Wanaleta kitambaa laini chenye kuvutika, cheusi au cha rangi ya zambarau, wanataka gauni la jioni linalokaa vizuri mwilini. Mafundi wengi wa hapa kwetu wanairudisha kazi hiyo. Wanasema, "Hiyo ni ya mashine za umeme." Mteja anakwenda kununua la mtumba mjini, na fedha ambazo zingenunua daftari na sabuni zinatoka nje ya makazi. Wengine wanaikubali, wanakata kama wanavyokata kitenge, na kitambaa kinaharibika. Hilo ni deni, maana kitambaa ni cha mteja.

Sisi tunasema kazi hii inawezekana kwa cherehani ya kukanyaga yenye mshono wa kunyooka tu, na kwa patroni ile ile uliyonayo ya gauni la kitenge. Lakini patroni lazima ibadilishwe kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Kijue kitambaa kwanza

Kitenge kimefumwa kwa nyuzi zinazopishana, kama mkeka. Kitambaa cha kuvutika, ambacho wengi tunakiita jezi, kimefumwa kwa vitanzi kama sweta, na kila kitanzi hufunguka kikivutwa. Kikichanganywa na uzi wa Lycra, aina ya uzi iliyobuniwa Marekani mwaka 1958, hurudi upesi mahali pake. Jezi ya pamba tupu huvutika vizuri lakini hurudi polepole, na baada ya saa chache za kukaa kanisani utaona magoti na makalio yamejichora.

Kifue kitambaa, kikauke, kisha kilaze usiku mzima bila kukining'iniza, kwa sababu kimevutwa dukani kilipokuwa kimezungushwa kwenye roli. Asubuhi kikunje, shika sentimita 10 za mkunjo, zivute kando ya rula mpaka kitambaa kigome bila kulazimishwa. Zikifika 13, kinavutika asilimia 30. Zikifika 15, asilimia 50. Zikiishia 11, usipunguze patroni hata kidogo. Mshonee kama kitenge, uweke na zipu. Angalia pia upande unaovutika zaidi. Upande huo ndio utakaozunguka mwili. Fundi akiugeuza, gauni litabana kiunoni na kurefuka kuelekea chini.

Kuibadilisha patroni

Usiikate patroni yako ya zamani. Ichore upya juu ya gazeti au karatasi ya mfuko wa saruji, kwa maana kitenge kitarudi.

Tuchukue mteja mwenye kifua sentimita 92, kiuno 74, nyonga 100. Gauni lake la kitenge likishonwa hutoka kifua 98, kiuno 80, nyonga 106, yaani limeongezwa 6 kila mahali ili apumue. Jezi yenyewe inapumua, kwa hiyo nafasi hiyo haina kazi. Kwa kitambaa cha asilimia 30 tunamshonea kifua 90, kiuno 74, nyonga 98. Kifuani tumetoa 8. Karatasi ya mbele na ya nyuma, kila moja ni nusu iliyowekwa kwenye mkunjo, kwa hiyo ubavu uko mara nne: gawa 8 kwa 4, toa sentimita 2 kwenye kila ubavu. Nyonga nazo tumetoa 8, ni 2 vilevile. Kiunoni ni 6, basi toa moja na nusu.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Kitenge kina mikunjo ile inayochongoka kuelekea kifuani na kiunoni, ambayo waliojifunza kwa Kifaransa huiita pensi. Kwenye jezi tunaiacha mingi. Ukiacha pensi ya kiunoni iliyokuwa ikimeza sentimita 2, kiuno cha karatasi kimekuwa kikubwa kwa 2 hizo. Ziongeze kwenye zile moja na nusu, utoe tatu na nusu pale kiunoni, kisha chora ubavu kwa mstari unaopinda taratibu, usio na kona. Pensi ya kifuani inayotoka ubavuni nayo ikiachwa, ubavu wa mbele unakuwa mrefu kuliko wa nyuma. Tofauti ikiwa sentimita 2 au chini, ilegeze wakati wa kushona, karibu na titi, jezi itaimeza. Ikizidi hapo, mteja ana kifua kikubwa; mwachie pensi yake. Kitambaa cha kuvutika hakifuti umbo la mtu.

Pandisha kwapa sentimita 1, punguza bega nusu sentimita. Kisha pima mzunguko wa tundu la mkono na mzunguko wa kichwa cha mkono. Kwenye kitenge kichwa cha mkono huwa kikubwa zaidi. Kwenye jezi vilingane.

Je, zipu? Pima kichwa cha mteja. Kikiwa 56, na shingo ya gauni ni 46, ikivutika asilimia 30 inafika karibu 60, basi kinapita. Kiuno cha 74 kikivutwa kinafika 96, nacho kinapita kifua cha 92 gauni likivaliwa kutoka juu. Zipu haihitajiki, na sehemu ya nyuma unaikata kwenye mkunjo. Anayeogopa hesabu hizi akumbuke gauni la kufungia ubavuni, linalopishana mbele kama joho. Diane von Fürstenberg, mzaliwa wa Brussels na binti wa mama aliyetoka hai katika kambi ya Auschwitz, alilipatia jina duniani mwaka 1974, nalo lilikuwa la jezi. Halina zipu wala halibishani na kichwa cha mtu.

Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 150, mita moja na nusu inatosha gauni la kufunika magoti na mikono mifupi.

Mshono usiokatika

Sasa tufike kwenye mashine, maana ndiyo kisingizio kikubwa. Uzi wa mshono wa kunyooka hauvutiki sana. Ni kweli. Lakini angalia mwili unavyolivuta gauni: unalivuta kwa kulizunguka. Mshono wa ubavuni unakwenda juu na chini, hivyo hauvutwi kwa urefu wake. Mshono unaokatika ni ule unaouzunguka mwili, yaani wa kiunoni, wa shingoni, wa pindo. Kwa hiyo mwenye cherehani ya kukanyaga asikate gauni vipande viwili vinavyokutana kiunoni. Alikate moja kwa moja kutoka bega hadi chini. Uamuzi huo mmoja unaokoa nusu ya taabu.

Tumia sindano yenye ncha ya mviringo, namba 80 au 90, yenye shina linaloingia kwenye mashine yako. Sindano kali hukata kitanzi, na kitanzi kikikatika tundu hushuka kama soksi iliyochanika. Uzi uwe wa poliesta, kwani wa pamba hukatika upesi. Legeza mguu wa mashine ili usikikanyage kitambaa, punguza urefu wa hatua, na wakati wa kushona kivute kidogo, mbele na nyuma kwa mikono miwili, bila kuipinda sindano. Pitisha mshono wa pili milimita 3 nje ya ule wa kwanza. Jaribu haya yote kwenye vipande vilivyobaki. Kwenye bega fanya kinyume: bega halitakiwi kuvutika, hivyo shona pamoja nalo utepe mwembamba wa pamba, la sivyo mikono italining'iniza mpaka kwenye viwiko.

Shingo izungushie ukanda wa jezi hiyo hiyo, mfupi kuliko tundu. Kwa tundu la 46, kata ukanda wa 40 au 41, mbali na sentimita za mshono, uuvute sawasawa unapouunga. Ukiwa sawa na tundu, shingo itafunguka kama kikombe, na mama mkwe ataona kisichomhusu. Baada ya kushona vuta shingo kwa nguvu: uzi ukilia, fungua urudie kwa hatua fupi zaidi.

Tunajua wako wanaosema gauni la namna hii halifai ibadani. Hatukubaliani nao. Gauni la jezi lililokatwa kwa sentimita tulizotaja linagusa mwili bila kuubana, na urefu wake ni wa fundi na mteja kupatana. Linaloaibisha mara nyingi ni lile lililopunguzwa kwa kukisia. Mteja akitaka libane zaidi, mwonyeshe tepu, mwambie atakapoketi litapanda.

Kabla ya pindo, litundike gauni usiku mmoja, kwa sababu chini patashuka, tena si sawasawa. Sawazisha akiwa amelivaa. Pindo lishone kwa mkono kwa hatua za msalaba, zinazokwenda mbele na kurudi nyuma. Zinavutika zaidi kuliko za cherehani yetu. Kama chini ni kwembamba, acha mpasuo nyuma wa sentimita 15 ili apande ngazi na pikipiki.

Pasi ya mkaa ijaribu kwenye kipande, maana poliesta huyeyuka. Iweke na kuinua, usiburute. Na siku ya kukabidhi kazi, mwambie mteja asilianike gauni kwa mabega likiwa limelowa. Alikunje katikati juu ya kamba, kivulini.