Mpigie Angali Anasikia

Mama mmoja wa Iringa, mwalimu mstaafu, ameniandikia. Yumo kwenye kundi la WhatsApp la wenzake wa chuo cha ualimu, lakini amelizima sauti na sasa anataka kujitoa. Kila akifungua anakuta tanzia. Na katikati ya tanzia anakuta picha za mahafali na harusi za watoto wa wenzake, wakati kijana wake ana shahada na amerudi kukaa nyumbani. Ananiuliza abaki kufanya nini.

Mwenzangu, baki. Na wadogo zangu mnaosoma, nanyi sikilizeni, maana haya mnayaendea.

Sisi tuliosomea ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980 tuliingia vyuoni nchi ikiwa na kiu ya walimu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi upesi, madarasa yakafurika, na aliyeshika chaki alihitajika kila kijiji. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, maduka yamebaki rafu tupu. Tulikula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano, tukashukuru. Mche wa sabuni ukipatikana, tuliukata kwa uzi: wawili wanavuta huku na huku, wa tatu ameushikilia, kila mmoja anaondoka na kipande chake. Mtu mliyekata naye sabuni kwa uzi alikujua kabla hujawa mke wa mtu wala mama wa mtu. Waliobaki wanaokujua hivyo ni wachache, na wanapungua.

Halafu tukapangiwa vituo, huyu Kigoma, yule Mtwara. Barua zikaja, zikakatika. Simu za mkononi ndizo zilizoturudisha pamoja, tayari tuna wajukuu.

Sasa nikueleze linaloniuma. Tulikuwa na mwenzetu, kitanda chake juu ya changu. Kundini kwetu alikuwa haandiki sana ila michango hakuikosa. Kila msiba jina lake limo kwenye orodha. Kisha akanyamaza. Tukasema anaringa, wengine wakasema kachoka kuchanga. Januari 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa, namba yake nayo ikawa haipatikani, tukasema basi, ni mambo ya laini. Hakuna aliyeuliza zaidi, nami nikiwemo.

Tulikuja kuambiwa na mtu aliyesali naye kanisa moja: alipigwa na kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu, maneno hayatoki. Nilipanda basi nikaenda. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mto umewekwa ubavuni asiinamie upande. Binti yake alikuwa ameacha biashara yake mjini akaja kumuuguza, na walikuwa wanatafuta fedha za kiti cha magurudumu. Angefariki, tungechanga siku hiyo hiyo, tukakodi na basi dogo. Lakini alikuwa hai, na sisi tulikuwa kimya.

Aliniangalia muda mrefu. Kisha kwa mkono wa kushoto akashika hewa kwa vidole viwili, akavuta taratibu mbele yangu. Ule uzi. Nikashika upande wa pili, tukavuta wote. Binti akatuuliza tunafanya nini, na mimi sauti haikutoka.

Kwa hiyo, mwenzangu wa Iringa, habari za wenzako usiziachie kundi peke yake. Piga simu, msikie sauti. Salamu za asubuhi zenye picha ya maua hazikwambii kwamba mtu ameanza kusahau njia ya kwenda dukani. Omba namba ya mtoto mmoja au ya jirani wa kila mwenzako, uiandike daftarini, si kwenye simu tu. Ukisikia mtu anaumwa, usirushe picha yake kitandani kundini kabla hajakubali. Na wapendekezee wenzako jambo hili: sehemu ya michango iende kwa walio hai, dawa za presha zinapokwisha, nauli ya kliniki.

Kuhusu kijana wako, usijifiche kwa ajili yake. Sisi tulimaliza chuo kituo cha kazi kinatusubiri. Wao wanaomba ajira mtandaoni mwaka hadi mwaka, na hilo halikuanza na malezi yako. Mwanangu wa mwisho naye alirudi nyumbani. Nililisema kundini waziwazi, kwa sauti ya kawaida, na usiku ule ule wenzangu watatu walinipigia mmoja mmoja: wa kwao nao wamo ndani. Mmoja wao alikuwa ndiye mwenye picha nyingi za mahafali kuliko sote.

Fungua daftari leo, andika majina yote ya darasa lako unayoyakumbuka. Yule ambaye huna habari zake kwa muda mrefu ndiye wa kuanza naye. Piga saa nne asubuhi, wengi wetu tunakuwa tumeshakunywa chai na dawa. Akipokea binti yake, usijitambulishe kwa cheo wala kwa jina la mumeo. Mtajie lile jina walilokuita bwenini, na umwombe amsogezee mama simu sikioni.