Neno Moja kwa Mnyama

Katika nchi zenye farasi wengi, watu hupenda kuulizana hivi: "Farasi wako ana tabia gani? Sema kwa neno moja tu." Mmoja hujibu, "Mpole." Wa pili husema, "Mwoga." Wa tatu hucheka akasema, "Mlafi!" Lakini watoto wengi wa Mtama, katika njia itokayo Lindi kwenda Masasi, wakiulizwa swali hilo watatazamana tu. Hawana farasi, wala baba zao hawakuwa nao, wala babu zao. Hawakunyimwa na umaskini. Aliyewanyima ni mdudu mdogo.

Mdudu huyo ni mbung'o. Umbo lake ni kama la nzi, ila akitua hulaza mabawa yake moja juu ya jingine, kama makasi yaliyofungwa. Chakula chake ni damu. Anapomwuma mnyama huweza kumtia vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo huleta ugonjwa uitwao nagana. Mnyama hukonda ijapokuwa anakula, nguvu zake hupungua siku kwa siku, hata mwisho hufa. Farasi hufa upesi. Punda hustahimili zaidi, lakini naye huugua. Daktari mmoja wa jeshi la Uingereza, David Bruce, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1890, katika nchi ya Wazulu, kwamba ugonjwa huo huletwa na vijidudu hivyo na kuenezwa na mbung'o.

Kabla ya hapo watu walijua kwamba mbung'o huua, lakini hawakujua jinsi anavyoua. Basi mwezi wa Machi, 1866, msafiri David Livingstone alishuka pwani ya Mikindani, kusini ya Lindi, akitaka kwenda bara kwa njia ya mto Ruvuma. Alileta ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama mmoja, nyumbu 2, na punda 4. Alitaka kujaribu kama wanyama hao wangeweza kupita katika nchi ya mbung'o wasife. Kama wangaliweza, mizigo ingalibebwa na wanyama badala ya vichwa vya watu.

Jaribio hilo halikufaulu. Mbung'o waliwauma wanyama, na wanyama wakadhoofika. Lakini kulikuwa na jambo la pili. Livingstone aliandika katika habari za safari yake kwamba baadhi ya watu waliokabidhiwa wanyama waliwatwika mizigo mizito kupita kiasi, tena waliwapiga, hata wakawa na vidonda. Basi mnyama alipoanguka, ilikuwa vigumu kusema kwa hakika kama ameuawa na mbung'o au na fimbo. Hivyo wanyama walipotea, na maarifa yaliyotafutwa yakapotea pamoja nao.

Hapa pana jambo la kufikiri. Mtu asiyejua ugonjwa akimwona ngamia amelala njiani, hataki kuinuka, neno lililo karibu na ulimi wake ni "mvivu." Akiisha kulisema, hatazami tena. Haangalii macho ya mnyama, wala kidonda kilicho chini ya tandiko, wala mbavu zinazoonekana. Dawa ya uvivu anaijua: ni fimbo. Kumbe mnyama si mvivu, ni mgonjwa. Neno moja lisilo la kweli laweza kumwua mnyama.

Vivyo hivyo punda. Watu wengi humwita "mkaidi," nao husema, "Shukrani ya punda ni mateke." Lakini anayemchunguza punda huona jambo jingine. Farasi akiogopa, aghalabu hukimbia. Punda akiogopa, mara nyingi husimama imara, akatazama kwanza. Akiletwa penye daraja bovu au maji asiyoyajua kina chake, hukataa kuendelea mpaka aridhike. Mwenye haraka husema, "Huyu mkaidi." Mwenye subira husema, "Huyu mwangalifu." Punda ni yule yule, bali waliomtazama ni wawili. Tena punda haonyeshi maumivu upesi, na kwa hiyo huweza kutwikwa mzigo siku nyingi hali ana kidonda. Katika mji wa Lamu, ambako njia ni nyembamba na punda ndio wachukuzi wa mawe na mchanga, ilifunguliwa hospitali ya punda katika miaka ya 1980. Huko punda aliyeacha kutembea huchunguzwa kwato na mgongo kabla ya kulaumiwa.

Wala si wanyama peke yao waliopatwa na shida hii. Katika vita vya 1914 hata 1918 majeshi yalileta farasi na nyumbu wengi katika nchi hii, nao walikufa kwa maelfu kwa nagana na magonjwa mengine. Mwezi wa Oktoba, 1917, vita vikali vilipiganwa Mahiwa, karibu na Mtama. Mahali wanyama walipokufa, mizigo ilibebwa na watu, na makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa magonjwa, njaa na uchovu. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, ulipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza, kilichoitwa Carrier Corps. Kila mmoja wao aliitwa kwa neno moja, "mpagazi," lakini kila mmoja alikuwa na jina lake, kwao, na mama aliyemngoja.

Je, basi, ni vibaya kusema tabia ya mnyama kwa neno moja? Sivyo. Ila neno na liwe la mwisho, lisiwe la kwanza. Mwenye punda na amtazame asubuhi kabla ya kazi, na jioni baada ya kazi. Akiwa na mzigo na akiwa hana. Mbele ya mwenyewe na mbele ya mgeni. Na ayatazame masikio yake, kwa maana masikio yaliyolazwa nyuma huwa ni dalili ya hasira au hofu. Akiisha kufanya hivyo siku nyingi, neno lake litakuwa na uzito. Na akisema "mvumilivu," ajue kwamba amejiwekea deni, kwani mvumilivu ndiye anayesahauliwa upesi kuliko wote.

MAZOEZI

1. Kwa nini watu wa Mtama hawakuwa na farasi tangu zamani?
2. Livingstone alitaka kujua nini? Ni nini kilichoharibu jaribio lake?
3. Eleza tofauti ya farasi na punda wanapoogopa.
4. Kutokana na "vumilia" tunapata "mvumilivu." Tunga maneno ya namna hiyo kutokana na: sikia, tulia, angalia.
5. Chagua mnyama mmoja wa nyumbani: mbuzi, mbwa au kuku. Mtazame siku saba, kisha andika tabia yake kwa neno moja, na chini yake sababu tatu za kulichagua neno hilo.