Dondoo muhimu: Shokapu za mbele na tope la Ngagara

Mvua za masika, Februari hadi Mei, hugeuza njia za ndani za mtaa wa Ngagara, Bujumbura, kuwa tope zito, na hapo gurudumu la mbele ndilo linaloangusha watu.

Anza na kipimo. Kaa juu ya pikipiki, mwenzako apime shokapu imezama kiasi gani. Robo hadi theluthi ya mwendo wake inatosha: shokapu ya milimita 120 izame 30 hadi 40. Ikizama zaidi, gurudumu litachimba tope badala ya kupita juu yake. Maana yake springi imechoka, au inahitaji kukazwa kidogo.

Vijana wengine hupandisha mirija ya shokapu juu ya kibano cha usukani ili pikipiki iinamie mbele. Inapendeza kwa macho, basi. Kwenye tope usukani unakuwa mwepesi mno na kuyumba. Rudisha mirija usawa wa kibano, pande zote mbili sawasawa.

Oili nayo: kipimo kimoja kushoto na kulia, daraja lile la kitabu cha pikipiki. Oili nzito kupita kiasi huchelewesha shokapu kurudi, na shimo la pili linakukuta bado umezama.

Unapotoka kwenye tope, osha mirija kabla haijakauka, maana mchanga hukata sili. Ukiona oili inachuruzika, usipande barabara ya RN1 kuelekea Bugarama: oili ikifika kwenye breki ya mbele, hutasimama. Badilisha sili zote mbili kwa pamoja.