Ute Wenye Harufu: Maradhi, Tohara na Swala



Dada zangu katika imani, katika darsa zetu swali hili hurudi mara kwa mara: "Natokwa na ute wenye harufu karibu kila siku. Je, swala yangu inasihi?" Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si udaktari, lakini nimeona kuwa swali hili halijibiki kwa fiqhi peke yake. Ummu Sulaym (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) kumuuliza kuhusu ndoto ya mwanamke, wala haya haikumzuia kujifunza dini yake. Nasi tuulize.

Maradhi yenyewe

Ukeni huishi bakteria wazuri waitwao laktobasila. Hao hutengeneza asidi inayowazuia bakteria wengine. Wakipungua, wale wengine, kama Gardnerella, huongezeka. Hali hiyo huitwa vajinosisi ya bakteria. Dalili zake ni ute mwepesi, mweupe au wa kijivu, na harufu kama ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa. Wanawake wengi hawaoni dalili yoyote.

Fangasi ni kitu kingine: ute wake ni mzito kama maziwa mgando, nao huwasha. Kwa hiyo dawa ya fangasi haitibu vajinosisi.

Sababu

Yanayochangia ni kuosha ndani ya uke, kutia humo sabuni au manukato, kuwa na mwenzi mpya au wengi, na kuvuta sigara. La kwanza ndilo linalotuhusu zaidi. Wapo wanaodhani istinjaa haitimii mpaka maji yafike ndani. Wanavyuoni wa Kishafii wameeleza kuwa mwanamke huosha kile kinachoonekana anapochuchumaa. Cha ndani hakimlazimu. Anayesukuma maji na sabuni ndani huondoa kinga aliyoumbiwa. Harufu huzidi, naye huzidisha kuosha.

Jambo jingine: maradhi haya yanaweza kumpata hata binti ambaye hajawahi kukutana na mwanamume. Basi majibu ya maabara si ushahidi wa zinaa. Tuogope kumsingizia mwenzetu.

Tiba

Nenda kituo cha afya upimwe, usikisie dukani. Dawa inayotumika sana ni metronidazo, kwa kawaida miligramu 500 mara 2 kwa siku, kwa siku 7. Ipo pia jeli yake, na krimu ya klindamaisini. Maliza dozi hata kama harufu imekwisha siku ya tatu. Mara nyingi maradhi hurudi ndani ya mwaka. Yakirudi, rudi kwa daktari. Mjamzito asichelewe, kwani yanahusishwa na kujifungua kabla ya wakati. Pia huongeza uwezekano wa kuambukizwa magonjwa ya zinaa, pamoja na virusi vya Ukimwi.

Katika Ramadhani, muulize daktari kama unaweza kumeza kidonge kimoja wakati wa futari na kingine wakati wa daku. Jeli au krimu itie usiku, utoke katika khitilafu ya wanavyuoni kuhusu kinachoingia ukeni mchana wa saumu.

Swala

Ute huu si hedhi. Usiache swala wala saumu kwa ajili yake, wala hukulazimu josho. Kwa wanavyuoni wengi unatengua udhu. Ukitoka mfululizo hata usipate nafasi ya kuswali bila ya kutokwa, hukumu yako ni kama ya mwenye istihadha: jisafishe nje, weka pedi, tia udhu baada ya wakati kuingia, kisha swali bila kuchelewa. Kinachotoka baada ya hapo hakikudhuru. Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alipodhani damu yake isiyokoma inamzuia kuswali, Mtume (s.a.w.) alimfahamisha kuwa ile si hedhi na asiache swala.

Dada, mwili ni amana. Kwenda kutibiwa ni sehemu ya kuilinda amana hiyo. Allah awaponye wagonjwa wetu na atupe elimu yenye manufaa. Amin.

Wallahu a'lam.