TUONGEZE DISKI BILA KUPOTEZA KAZI YETU

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini wahenga hawakuwa na tarakilishi. Akiba iliyowekwa ndani ya diski moja huoza, tena huoza kwa siku moja bila hata kutoa harufu. Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo cha kusomea huelea juu yake bila kuzigusa. Siku kikizigusa, basi mashairi, insha na tamthilia zote kwaheri ya kuonana.

Nalisema hili kwa sababu tarakilishi ya chama chetu ina matoleo ya miaka iliyopita ya jarida hili katika diski moja kuukuu, na mengine yamo kwenye sidii. Waliotunga kazi hizo walikwisha kumaliza shule. Zikipotea, hakuna wa kumwambia aandike upya. Kwa hivyo nimeona heri niwaeleze, hatua kwa hatua, jinsi ya kufunga diski mbili na viendeshi viwili vya sidii ndani ya mashine moja.

1. Jua aina ya soketi

Kabla ya kushika bisibisi, fungua kisanduku utazame. Kuna koo mbili. Ukoo wa kwanza ni IDE, uliotokea mwaka wa 1986. Waya wake ni mpana na bapa kama mshipi, na soketi yake ina safu mbili za pini, nafasi 40 kwa jumla. Waya mmoja hubeba vifaa viwili. Ubao mkuu wa zamani, ambao mafundi huuita madabodi, kwa kawaida ulikuwa na soketi mbili za aina hii, yaani vifaa vinne basi.

Ukoo wa pili ni SATA, ulioanza mwaka wa 2003. Waya wake ni mwembamba, na kila waya hubeba kifaa kimoja tu. Hapa hakuna kugombania njia. Mashine nyingi zilizoundwa miaka ya mpito zina soketi za koo zote mbili. Mashine ya chama ni ya namna hiyo, na ndiyo nitakayoitumia kama mfano: diski kuukuu ya IDE, diski mpya ya SATA, na viendeshi viwili vya sidii vya IDE.

2. Usalama kwanza

Zima mashine, kisha chomoa waya wa stima ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Halafu gusa chuma kitupu cha kisanduku kwa mkono. Miili yetu hubeba umeme tuli, hasa tukivaa sweta, na cheche usiyoihisi yaweza kuunguza saketi ya diski. Shika diski kwa kingo zake, usiiguse saketi iliyo upande wa chini.

3. Kufunga kwenye nafasi yake

Diski za inchi 3.5 huingia nafasi ndogo. Viendeshi vya sidii huingia nafasi pana za inchi 5.25 zinazotazama mbele. Funga kila kifaa kwa skurubu nne, mbili kila upande. Jihadharini hapa! Skurubu za diski zina meno mapana, za kiendeshi cha sidii zina meno madogo yaliyokaribiana. Ukiona skurubu inakataa, usiilazimishe. Na skurubu ndefu kupita kiasi yaweza kuumiza kifaa kwa ndani. Ikiwa kuna nafasi, acha pengo kati ya diski mbili ili hewa ipite, kwani joto ni adui wa diski.

4. Nani masta, nani slevu?

Hapa ndipo wengi hukwama. Kwa kuwa waya wa IDE hubeba vifaa viwili, lazima kila kimoja kijue cheo chake. Mafundi hukiita kimoja masta na kingine slevu. Mimi naona ni kama kaka na mdogo wake waliopanga chumba kimoja. Wakijiita kaka wote wawili, pana ugomvi, na huenda mashine isimwone hata mmoja.

Cheo huwekwa kwa jampa, kile kipande kidogo cha plastiki chenye chuma ndani, kinachovikwa pini mbili nyuma ya kifaa. Michoro ya mahali pa kukivika huwa imebandikwa juu ya diski yenyewe. Isome. Diski nyingine hutaka jampa ikae tofauti zikiwa peke yake kwenye waya.

Kuna njia nyingine: kuacha waya uchague. Hapo jampa za vifaa vyote viwili hukaa kwenye alama ya CS, nawe watumia waya wenye nyuzi 80. Ncha ya samawati huenda kwenye ubao mkuu, ncha nyeusi ya mwisho kwa kaka, na ya kijivu iliyo katikati kwa mdogo. Waya huu usizidi sentimita 46. Upande wenye mstari wa rangi, mara nyingi mwekundu, ndio wa pini nambari 1. Uelekeze kwenye alama ya 1 ya soketi.

Je, nani akae na nani? Njia moja ya IDE huhudumia kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Ukinakili kutoka sidii moja hadi nyingine na zote ziko kwenye waya mmoja, kazi hujikokota. Kwa hivyo mimi hupanga hivi: soketi ya kwanza ya IDE, diski kuukuu ikiwa kaka na kiendeshi cha kusoma kikiwa mdogo, soketi ya pili, kiendeshi cha kuchoma sidii peke yake, kwenye ncha ya mwisho ya waya. Diski mpya ya SATA ina waya wake, haimsumbui mtu wala haina jampa ya cheo.

5. Chakula cha umeme

Kila kifaa huhitaji pia waya kutoka kisanduku cha umeme. Vifaa vya IDE hutumia plagi ya pini nne: njano ni volti 12 za kuzungushia mota, nyekundu ni volti 5 za saketi, na nyeusi mbili ni za kurudishia. SATA hutumia plagi bapa ya pini 15. Kumbuka kwamba diski hula umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka kuliko inapokwisha kushika mwendo. Ukiongeza vifaa kwenye kisanduku dhaifu cha umeme, mashine yaweza kujizima yenyewe au kukataa kuwaka.

6. Iulize mashine

Rudisha stima, washa, na ubonyeze kitufe cha Delete au F2 kuingia BIOS. Vifaa vyote vinne vyapaswa kuorodheshwa. Kama kimoja hakipo, zima tena, chomoa stima, ukague waya, plagi na jampa kwa mpangilio huo. Kisha tazama orodha ya kuanzia: diski yenye mfumo endeshi ndiyo iwe ya kwanza, la sivyo utaambiwa hakuna mfumo hali upo.

7. Hatari kubwa kuliko zote

Diski mpya haina kitu, kwa hivyo ni lazima iandaliwe: kugawanywa na kufomatiwa. Ikizidi terabaiti 2, chagua mpango wa GPT, kwa kuwa ule wa zamani wa MBR haufiki mbali hivyo. Lakini diski kuukuu usiifomati! Mashine ikikuuliza kama ungependa kuifomati, kataa, hata ikiuliza mara kumi. Ili usizichanganye, tazama ukubwa na jina la kila diski kabla ya kubonyeza chochote.

Sasa nakili. Peleka kazi zote kutoka diski kuukuu hadi mpya, kisha uzichome pia kwenye sidii au dividii. Sidii hubeba megabaiti 700, dividii ya kawaida gigabaiti 4.7. Baada ya kuchoma, fungua faili chache kutoka kwenye sidii ile ile usome. Nakala isiyosomeka si nakala.

Mtaniuliza, kwa nini tusiziunganishe diski mbili ziandike kitu kile kile kwa pamoja? Njia hiyo ipo, inaitwa RAID, jina lililotokana na makala ya mwaka wa 1988 ya wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni nzuri diski moja ikifa. Lakini ukifuta shairi kwa bahati mbaya, litafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Isitoshe, moto au mwizi huchukua kisanduku kizima. Kwa hivyo nakala moja na ikae nje ya chumba hicho, kwa mlezi wa chama au maktabani.

Maswali ya kujipima

(a) Ukiwa na vifaa viwili vya IDE kwenye waya mmoja na BIOS haioni hata kimoja, utakagua nini kwanza?
(b) Kwa nini kiendeshi cha kusoma na cha kuchoma visikae kwenye waya mmoja?
(c) Taja njia mbili ambazo kazi yaweza kupotea hata kama diski zote mbili ni nzima.

Atakayeweza kujibu yote matatu na aje na bisibisi yake Jumamosi. Diski mpya bado iko ndani ya boksi lake, na matoleo ya zamani yangali kwenye ile moja kuukuu.