Sera za Dhahabu na Kipato cha Wanawake Kahama

Swali: Je, kodi zilizofutwa kwa wachimbaji wadogo zimewanufaisha wanawake?

Jibu: Kwa kiasi kidogo. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania iliondoa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye mauzo yao, ikafungua masoko ya madini. Unafuu huo humfikia kwanza mwenye leseni au duara (shimo la kuchimba), na wengi wao ni wanaume. Mwanamke anayeponda mawe kwa nyundo, jua likimchoma, mara nyingi hulipwa ujira tu. Sokoni hana cha kuuza. Kinachomgusa zaidi ni mkopo wa halmashauri usio na riba: asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengewa vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Kikundi kinachotaka kununua karasha, mashine ya kusaga mawe, kinahitaji uhakika zaidi.