Mpira Hautolewi Nyumbani
Kijitabu cha familia yenye mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume

Kijitabu hiki ni cha mke. Mume naye akisome, ni vizuri, lakini tunajua nani atakayeamka saa nane usiku mfuko wa mkojo ukijaa. Ukurasa huu wa kwanza usome leo. Kurasa nyingine zinaweza kusubiri kesho.

Mzee atarudi nyumbani akiwa na mpira wa mkojo. Mpira huo hautolewi nyumbani. Hatoi yeye, hutoi wewe, hatoi mpwa anayesomea uuguzi, hatoi mwenye duka la dawa hata kama ni jirani na ana mkono mwepesi. Unatolewa hospitali, siku iliyoandikwa kwenye karatasi yake.

Tumechoka kupokea kesi ileile. Kuna harusi ya binti, au kuna msiba, au mzee anataka kwenda kuswali na anaona aibu kuonekana na mfuko. Anasema ameshapona, kidonda kimekauka, huu mpira ni wa nini tena? Anauvuta, au anatafuta mtu wa kumvutia. Usiku ule ule analetwa akitoka damu, au tumbo limevimba kwa mkojo usio na pa kupitia.

KWA NINI HAUVUTWI

Ndani ya kibofu, kwenye ncha ya mpira, kuna kiputo kilichojazwa maji. Hicho ndicho kinachoushikilia usitoke. Ukivutwa kiputo kikiwa kimejaa, unachana njia ya mkojo. Wapo wanaokata mpira kwa wembe wakidhani maji yatamwagika na kiputo kitasinyaa. Mara nyingine hakisinyai, mpira unarudi ndani, na sasa ni upasuaji mwingine.

Halafu kuna mshono. Tezi ikiondolewa yote, daktari hukiunganisha kibofu na njia ya mkojo kwa nyuzi. Mpira ndio unaoulinda mshono huo usiku na mchana mpaka upone, na kwa kawaida ni wiki moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi. Kidonda cha nje kupona si dalili kwamba cha ndani kimepona. Mpira ukitoka mapema, mkojo unaweza kuvujia tumboni, au njia ikapona kwa kovu na kuziba.

Ukichomoka wenyewe kwa bahati mbaya, usiurudishe. Usimruhusu mtu mwingine aurudishe kwa kubahatisha, hata akiwa amevaa koti jeupe. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo na karatasi zote, mseme neno la kwanza mlangoni: "Ametolewa tezi dume, mpira umetoka kabla ya siku yake." Waliopo wawasiliane na waliompasua.

KABLA YA KULAZWA

Muulize daktari ni upasuaji gani anafanyiwa. Wengi wanaweka dole gumba kwenye fomu bila kujua, kisha tunawakuta nyumbani wakilaumiana. Kuna upasuaji wa kutoa tezi yote, ambao hufanywa saratani ikiwa bado haijatoka nje ya tezi. Kuna kukwangua tezi kupitia njia ya mkojo, ili mkojo upite. Huko saratani haimalizwi. Na kuna kutoa korodani, kwa saratani iliyokwisha kusambaa, ili kupunguza homoni inayoilisha. Ni vitu vitatu tofauti na maisha yanayofuata ni tofauti. Kijitabu hiki kinahusu zaidi ule wa kwanza, ila maneno ya mpira ni ya kila mwenye mpira.

Mtajie daktari dawa zote anazotumia mzee: za presha, za sukari, aspirini, dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Mtajie na mizizi. Hasa mizizi, maana ndiyo inayofichwa, na ipo inayosababisha damu isigande kwenye meza ya upasuaji. Kama anavuta sigara, aache tangu siku aliyopewa tarehe. Ndugu wachangie damu mapema, wasisubiri simu ya asubuhi ya upasuaji. Hakikisheni barua ya rufaa na kadi ya bima viko mfukoni, na kama fedha hazitoshi ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kulazwa. Baada ya kulazwa mnakuwa na mambo mengine.

SIKU YENYEWE

Asile wala asinywe chochote baada ya saa aliyoambiwa, hata chai ya rangi.

WODINI

Atatoka chumba cha upasuaji na dripu, mpira wa mkojo, na pengine mrija mwingine mdogo ubavuni unaotoa majimaji. Usishtuke. Mkojo kuwa wa rangi ya waridi siku za kwanza ni jambo la kawaida.

Wauguzi watamsimamisha mapema, mara nyingi kesho yake. Hapo ndipo mashemeji huanza kugomba: mgonjwa amepasuliwa jana, mnamtembeza wa nini? Wanyamazishe kwa heshima. Mtu akilala muda wote damu inaganda miguuni, bonge likipanda kwenye mapafu linaua. Mshike mkono atembee hadi mlangoni na kurudi, na kesho aende mbali zaidi.

Usitoke wodini kabla hujamwaga mfuko kwa mikono yako mwenyewe huku muuguzi anakutazama. Usitoke pia bila karatasi yenye tarehe ya kutoa mpira, jinsi ya kutumia dawa, na namba ya simu ya kupiga mambo yakiharibika. Kama karatasi haina tarehe ya mpira, rudi ukaulize. Mzee asiye na tarehe ndiye anayejipangia tarehe yake.

MFUKO WA MKOJO

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuugusa na baada ya kuugusa. Mfuko ukae chini ya kiuno saa zote, akiwa amelala, amekaa au anatembea. Ukinyanyuliwa juu, mkojo mchafu unarudi ndani. Ila mfuko usilale sakafuni pia. Utundike kwenye ubao wa kitanda. Angalia mrija haukujikunja wala kulaliwa. Umwage kabla haujajaa kabisa, usiache uzito wake uvute mpira. Mpira ufungwe pajani kwa plasta au kamba laini, na nafasi kidogo ya kulegea.

Kila siku asafishwe pale mpira unapoingilia, kwa maji safi na sabuni ya kawaida. Si spiriti, si dettol, si majivu, si maji ya majani yaliyochemshwa na shangazi. Kama hajatahiriwa, ngozi irudishwe mahali pake baada ya kusafisha. Kama mfuko umejitenga na mpira, usiunganishe kwa mikono michafu.

Mara kwa mara kibofu kitajibana ghafla, atasikia maumivu makali na haja ya kukojoa, na mkojo kidogo unaweza kupita pembeni ya mpira. Hali hiyo inatia hofu, nayo ndiyo inayowafanya wengi wauvute. Asivute. Kama mfuko unaendelea kupokea mkojo, kibofu kinajibana tu na kitaachia. Ikirudia sana, kuna dawa yake hospitali. Mpira hautolewi nyumbani.

MAJI

Anywe maji mpaka mkojo uwe mweupe, kiasi cha lita mbili au zaidi kwa siku, isipokuwa daktari wa moyo au figo amemwekea kiwango.

CHOO KIKUBWA

Asijikamue. Mpe papai, mboga za majani, maharage, maji mengi, na dawa ya kulainisha choo aliyoandikiwa. Choo cha kuchuchumaa kinamchosha na kumfanya akaze tumbo. Tafuta kigoda kilichotobolewa au kiti kinachofaa kwa wiki chache.

Na hili lisikike: asipigwe bomba. Asitiwe kidonge, maji wala dawa yoyote kwa njia ya haja kubwa mpaka daktari aliyempasua aseme ndiyo. Mshono uko jirani kabisa na utumbo ule.

KAZI, NDOO, BODABODA

Kwa wiki sita asibebe kitu kinachozidi kilo tano. Ndoo ya maji ya lita ishirini ina kilo ishirini. Asibebe mtoto, asilime, asisukume mkokoteni. Baiskeli na bodaboda aziache kwa muda huohuo, kwa kuwa kiti kinambana pale pale palipofanyiwa kazi. Siku ya kurudi nyumbani tafuteni gari. Kama mnatoka mbali kwa basi, ashuke kila linaposimama atembee kidogo.

Kutembea ni ruhusa, na ni dawa. Kukaa kijiweni kutwa nzima si kupumzika.

WAGENI

Wakae kidogo, waende, na hakuna mwenye ruhusa ya kufunua shuka aone mpira.

MKIMBIZE HOSPITALI

Mkimbize bila kusubiri asubuhi kama mfuko haupokei mkojo kwa saa mbili huku tumbo la chini likiuma au kujaa. Mkimbize kama mkojo umekuwa damu nzito au una mabonge. Mkimbize akiwa na homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, au anatetemeka kwa baridi; kidonda kikitoa usaha, kikinuka au kikifunguka; tumbo likivimba na kutapika kusipokoma. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, hiyo huenda ni damu iliyoganda, usiuchue kwa mafuta. Akikosa pumzi ghafla au kifua kikamchoma, hiyo ni ya dakika, si ya saa.

Katika hali zote hizi, mpira uacheni ulipo. Haujaziba kwa sababu "umechoka", na kuutoa hakumpi nafuu. Mpelekeni nao.

MPIRA UKISHATOLEWA, HOSPITALI

Chukua nguo za kubadili na nepi za watu wazima siku hiyo, au vitambaa safi vya pamba na suruali nyeusi. Karibu wote huvuja mkojo mwanzoni. Akikohoa unatoka, akiinuka kitini unatoka, akicheka unatoka. Kwa wengi hupungua wiki hadi wiki, na inaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka. Mwanamume aliyekuwa mkubwa wa nyumba anajikuta anafuliwa shuka. Usimtanie mbele ya watoto, na usimwonee huruma kwa sauti.

Asipunguze maji ili asivuje. Mkojo mkali huwasha kibofu na hali inakuwa mbaya zaidi. Apunguze chai na kahawa.

Sasa aanze mazoezi, maana mpira ukiwa ndani hayafanywi. Abane pale anapobana mtu anayezuia ushuzi mbele za watu, bila kukaza tumbo wala makalio, bila kuzuia pumzi. Ahesabu hadi tano, aachie, apumzike, arudie mara kumi. Asubuhi, mchana na usiku. Akizoea ahesabu hadi kumi. Mkumbushe kama unavyomkumbusha dawa.

KITANDANI

Mpira ukiwa ndani, hakuna tendo la ndoa. Tunaandika hivi kwa sababu wapo waliouvuta kwa ajili hiyo.

Baada ya hapo subirini ruhusa ya daktari, mara nyingi si kabla ya wiki sita. Nguvu zinaweza kukawia miezi, kwa wengine mwaka au miwili, na kwa wengine hazirudi zote. Mishipa inayohusika inapita kando ya tezi iliyotolewa. Akifika kileleni hakuna manii yatakayotoka, na hatazaa tena kwa njia ya kawaida. Nguvu kukawia si kwamba ana mwanamke mwingine, wala si kwamba amerogwa. Saratani hii haiambukizi kwa tendo la ndoa. Lipo la kufanya mkiwa wawili: mpeane mikono, mlale pamoja, muulizane. Aibu ya mzee huonekana kama hasira.

Vumbi la Kongo na vidonge vya nguvu za kiume vya kwenye kijiwe visiingie ndani ya nyumba. Zipo dawa halali, lakini zikichanganywa na vidonge vya moyo vinavyowekwa chini ya ulimi, presha inashuka hadi kuua. Aandikiwe na daktari.

WEWE

Dawa zako za presha unakunywa? Nani analala na mgonjwa usiku mmoja kwa wiki ili wewe ulale? Kama hakuna, mwite sasa mtoto mkubwa, mvulana au msichana, mfundishe kumwaga mfuko na kunawa. Mfundishe pia sheria ya mpira.

KIPIMO KINACHOFUATA

Majibu ya kinyama cha tezi iliyotolewa yaulizwe na karatasi yake itunzwe. Kipimo cha damu cha PSA hufanywa kuanzia wiki ya sita hadi mwezi wa tatu baada ya upasuaji, kisha kwa vipindi atakavyopangiwa, kwa miaka. Tezi ikiwa imetoka yote, namba inatakiwa iwe ndogo mno. Ikianza kupanda, daktari anaweza kumpeleka kwenye mionzi, kwa mfano Ocean Road jijini Dar es Salaam au Bugando, Mwanza, na kuwahi kuna tofauti kubwa. Ndiyo maana aende hata akijisikia mzima kabisa, hata kama ni msimu wa kuvuna.

Wadogo zake na watoto wenu wa kiume wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Wakifika miaka 40 hadi 45 wamuulize daktari kuhusu kupima, wasisubiri mkojo ugome.